UZI: Tuache kukariri funguzi za sataranji, tusome michezo ya magrandmasta yenye maelezo (mfano: Fischer na Spassky, 1972)

#1 Farasi wa g1 (mleta uzi)

Salaam wanajamvi.

Karibu kila wiki humu mtu anauliza, "Wakuu, nipeni ufunguzi mkali wa kuchezea weusi." Anapewa hatua kumi na tano za kuanzia mchezo, anashukuru, anaondoka. Mwezi haujaisha karudi, kafungwa tena, anaomba ufunguzi mwingine. Naandika kwa kirefu kwa sababu nami nilizunguka humo karibu miaka miwili. Kilichonitoa ni kitu nilichokuwa nakiruka siku zote: kukaa na mchezo mzima wa grandmasta (mchezaji wa cheo cha juu kabisa), wenye maelezo, taratibu, ubao ukiwa mbele yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa nacheza weusi kwa ufunguzi wa Sisilia ya Najdorf. Nilikariri mstari wa askofu g5 (yaani askofu kwenda nyumba ya g5; herufi ni mstari wa wima, namba ni wa mlalo) mpaka hatua ya 18, nikiwa kwenye daladala, nikiwa kwenye foleni ya benki, popote. Ikafika siku ya mashindano ya wikiendi. Raundi ya pili nikapangiwa kijana wa kidato cha tatu. Tulikwenda vizuri mpaka hatua ya tano, nikasukuma askari a6 kama ilivyoandikwa, naye hatua ya sita akasogeza askari wa pembeni: h3. Basi. Hakuna askofu g5, hakuna kile nilichobeba kichwani. Niliikodolea macho ile h3 dakika nyingi, saa inakwenda, na sikuwa na wazo hata moja la kuanzia. Alinifunga bila shida.

Jioni ile nilipotafuta nikakuta h3 si uzushi wa kijana yule. Bobby Fischer aliicheza mwaka 1962 kule Varna, Bulgaria, kwenye Olimpiadi ya sataranji, na aliyekaa upande wa pili ni Miguel Najdorf mwenyewe, ambaye ufunguzi unabeba jina lake. Fischer alishinda. Mchezo huo upo kila mahali na maelezo yake yapo. Mimi niliyejiita mchezaji wa Najdorf sikuwahi kuuona. Nilijua a6 inachezwa hatua ya tano, lakini ungeniuliza yule askari anafanya kazi gani pale a6 nisingekuwa na jibu.

Tangu hapo nafanya hivi. Nachukua ufunguzi mmoja tu. Natafuta michezo kumi hivi ya watu walioucheza miaka mingi, yenye maelezo ya maneno na si mistari ya hatua peke yake. Naenda steshenari nachapisha, maana kwenye simu jicho linateleza kuona hatua inayofuata. Nafunika kwa karatasi. Kabla ya kila hatua ya upande ninaousoma naandika kwenye daftari: ningecheza nini, na kwa nini, sentensi moja. Ndipo nafunua. Tukitofautiana na grandmasta nasimama, nahangaika mwenyewe kwanza, kisha nasoma mfafanuzi amesema nini. Injini, ile programu ya kompyuta inayochambua hatua, siwashi mpaka mchezo umekwisha na daftari limejaa. Mchezo mmoja unaweza kunila jioni mbili.

Sasa mfano, maana bila mfano haya ni maneno tu.

Reykjavik, Iceland, tarehe 23 Julai 1972. Mchezo wa sita wa kugombea ubingwa wa dunia, Fischer dhidi ya bingwa Boris Spassky. Fischer alipoteza wa kwanza, wa pili hakutokea kabisa, kisha akaanza kufukuzia, na sasa wako sawa, mbili na nusu kwa mbili na nusu. Mtu aliyejulikana dunia nzima kwa kuanza na e4 anasogeza c4. Hatua chache baadaye wamo ndani ya ufunguzi wa Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa, na Spassky, mwenye weusi, anachagua mfumo wa Tartakower, yaani hatua ya saba askari b6. Mfumo huo wengine huuongezea majina ya Makogonov na Bondarevsky, na huyu Igor Bondarevsky ndiye aliyekuwa mwalimu wa Spassky miaka ya sitini. Kwa hiyo Mweusi yuko nyumbani kwake.

Kwa nini b6? Hapa ndipo maelezo yanapokulipa. Mweusi kaweka askari e6 na d5, na askofu wake wa c8 amefungiwa nyuma ya huyo wa e6. Ndiyo kero ya ufunguzi huu toka zamani. Kwa b6 anamtafutia mlango, atokee b7 aangalie mshazari mrefu. Ukishajua hilo, hatua za Fischer zinaanza kusema. Hatua ya 8 anakula d5, wanabadilishana farasi na maaskofu, na hatua ya 10 Mweusi analazimika kula kwa askari wa e. Sasa d5 pana askari wake mwenyewe. Askofu akienda b7 atakuwa anautazama mgongo wa askari wake. Spassky analiona hilo, anampeleka e6 badala yake. Hatua tatu za kubadilishana ambazo ungezikariri kama nambari ya simu, kumbe ni ubishi kuhusu askofu mmoja.

Kisha: 11. ngome c1, askofu e6. 12. malkia a4, askari c5. 13. malkia a3, ngome c8. Tazameni malkia pale a3. Mbele yake kwenye mshazari yupo askari wa c5, na nyuma ya askari huyo, kule e7, yupo malkia wa Mweusi. Askari yule amebanwa, hawezi kula d4. Na hatua ya 14 Fischer anaweka askofu b5.

Mimi hapo niliandika askofu e2. Nilitaka kumficha mfalme haraka. Nilipofunua nikakuta b5 nikakaa nayo usiku kucha. Farasi wa Mweusi bado yuko b8. Nyumba yake ya kawaida ni d7, na kutoka huko angeilinda c5. Askofu wa b5 anamwambia: njoo, nitakubadilisha, na mlinzi wa c5 ataondoka ubaoni. Spassky alijibu askari a6. Lakini huyo askari wa a6 naye hawezi kumla askofu, kwa sababu akitoka kwenye mstari wa a, malkia wa a3 anaila ngome ya a8! Malkia mmoja kwenye nyumba moja, anabana askari wawili kwa wakati mmoja, mmoja kwa mshazari na mmoja kwa mstari. Nilipoliona hilo nilisimama kwenye kiti.

15. anakula c5, askari b anakula c5. Mweusi sasa ana askari c5 na d5 bila wenzao kushoto wala kulia. Wafafanuzi huwaita askari wanaoning'inia. Wakipata nafasi ya kusonga wanatisha, wanamiliki katikati yote. Wakizuiliwa, kila kete ya adui inawaelekea wao. Mchezo wote uliobaki ni swali hilo moja. Hatua ya 18 Fischer anaweka farasi d4 (bado c5 haiwezi kula, malkia yule!), anamla askofu wa e6, na hatua ya 20 anasukuma e4. Spassky anampitisha askari wake wa d5 mpaka d4, na hapo karibu kila mfafanuzi anaweka alama ya kuuliza, yaani kosa. Askofu wa Mweupe anapata mshazari wa kuelekea e6 na g8 bila wa kumzuia, na askari wa e na f wanaanza kutembea: f4, e5, f5, mpaka hatua ya 31 askari yuko e6.

Kuna sehemu moja nataka muipitie kwa mkono wenu, ubaoni. Hatua ya 32 hadi ya 36 malkia wa Mweusi anacheza hivi: e8, d8, e8, d8, e8. Bingwa wa dunia hana pa kwenda. Fischer hana haraka, anapanga ngome zake moja nyuma ya nyingine, anarudisha askofu d3, anamleta malkia e4, na hatua ya 38 anatoa ngome kumla farasi f6. Hatua ya 41 ikaisha. Spassky alijiunga na ukumbi kumpigia makofi.

Sasa niulizeni nimejifunza nini kuhusu "ufunguzi" hapo. Nimejifunza Tartakower kuliko orodha yoyote niliyowahi kupewa, na sikukariri kitu.

#2 Kijana_e4

Mkuu shikamoo, uzi mzito huu. Mimi ni mgeni kabisa, nina miezi mitano, kwenye simu kiwango changu ni alama kama 900. Hii inanifaa au ni ya wakubwa? Maana nikisoma maelezo ya magrandmasta wanaandika mstari wa hatua kumi na mbili ndani ya mabano, napotea.

#3 Mwalimu Ngome

Kijana, marahaba kwa niaba ya mleta uzi. Inakufaa, ila uanzie mchezo mfupi. Mimi nafundisha watoto wa shule Jumamosi, na mchezo wa kwanza ninaowapa ni ule wa Paul Morphy mjini Paris mwaka 1858, alioucheza ndani ya jumba la opera dhidi ya watu wawili waliokuwa wakishauriana, mtawala wa zamani wa Brunswick na mwungwana mmoja mwenye cheo cha count. Hatua 17 tu. Ufunguzi ni wa Philidor: e4 e5, farasi f3, askari d6.

Siwaelezi chochote. Tunacheza mpaka mwisho, mati, ngome d8. Halafu nawaambia: hesabuni kete za Mweusi ambazo hazijawahi kuguswa. Wanahesabu. Askofu wa f8 yuko f8. Ngome ya h8 iko h8. Nawauliza, na Mweupe je? Wanarudi nyuma wanakuta Morphy aliingiza kila kete yake vitani, mbili za mwisho kabisa zilizobaki kushambulia ni ngome na askofu, na ndizo zilizomaliza kazi. Mtoto wa miaka tisa aliwahi kuniambia, "Mwalimu, huyu mweusi alipigana na nusu ya jeshi." Hapo ameshaelewa ufunguzi ni nini.

Mabano ya hatua kumi na mbili yaruke kwa sasa. Soma maneno. Mabano yatakuja.

#4 Bodi64

Naheshimu uzi ila naomba kupinga. Mwaka huu tuna injini ya Stockfish, bure, kwenye simu ya laki moja. Inamshinda binadamu yeyote. Kwa nini nipoteze jioni mbili kumsikiliza mtu wa 1972 ambaye injini itamkosoa kwa sekunde moja? Maelezo mengi ya zamani yana makosa, hilo linajulikana. Wafafanuzi wanamsifu aliyeshinda tangu hatua ya kwanza kama vile kila kitu alikipanga.

#5 Farasi wa g1

Bodi64 ndugu yangu, nusu ya usemayo ni kweli na sitaikwepa. Wafafanuzi hukosea. Chukua mchezo wa kwanza wa mashindano hayohayo ya Reykjavik. Fischer alikula askari wa h2 kwa askofu na askofu akafungiwa humo. Iliandikwa kila mahali kwamba hapo ndipo alipojimaliza. Baadaye watu walichambua wakakuta alikuwa bado na njia ya kupata sare, kosa la kumzamisha lilikuja mbele zaidi. Kwa hiyo injini ina kazi yake, ndiyo maana kwangu inakuja mwisho.

Lakini nikuonyeshe kitu ambacho injini haikupi. Rudi kwenye ile 14. askofu b5. Fischer hakuibuni. Aliyeicheza kabla yake ni Semyon Furman, ndiye aliyekuwa mwalimu wa Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wa baadaye. Mwaka 1970 Furman aliicheza dhidi ya Efim Geller na akamfunga. Mshike huyo Geller. Miaka miwili baadaye Spassky alipokwenda Reykjavik, miongoni mwa wasaidizi wake alikuwa Geller huyohuyo. Na bado Spassky alicheza a6 akapoteza.

Mwaka 1973, Hilversum, Uholanzi. Geller ana kete nyeusi, mbele yake Jan Timman, kijana Mholanzi wa miaka ishirini na kitu. Mchezo unaingia njia ileile. 14. askofu b5. Timman kaona Fischer kashinda kwa hiyo, kwa nini asiicheze? Na Geller anajibu: malkia b7.

Weka ubaoni. Malkia ametoka kwenye mshazari wa a3, kwa hiyo c5 haijabanwa tena, na wakati huohuo anamgusa askofu wa b5. Timman anakula c5, na tena c5 kwa ngome, wanabadilishana ngome, malkia wa Mweupe anabaki c5 akiwa na askari mmoja zaidi. Ndipo linakuja jambo lenyewe, hatua ya 17: farasi a6! Farasi yule aliyekuwa amefungiwa b8, aliyenyimwa d7, anatokea pembeni, anampiga malkia. Askofu anamla farasi, malkia mweusi anakula a6. Sasa tazama mshazari kutoka a6: b5, c4, d3, e2, f1. Mfalme wa Mweupe yuko e1 na hawezi kwenda kujificha, maana f1 inaangaliwa. Askari mmoja wa kulipa, mfalme kabaki katikati. Timman ikabidi amtembeze mfalme d2, na Geller akafungua njia kwa d4, akashinda.

Injini ingekuandikia "malkia b7" na namba pembeni. Ungeshukuru, ungekariri, ungesahau. Ukizifuata hizo tatu kwa mpangilio, 1970, 1972, 1973, unamwona mtu aliyefungwa na hatua, akakaa nayo miaka mitatu, akarudi na jawabu. Swali lilikuwa moja muda wote: farasi wa b8 atatokea wapi? Furman na Fischer wakasema hatoki. Geller akasema anatokea a6. Sitasahau hilo hata nikizeeka, na kesho nikikutana na nafasi nyingine kabisa yenye farasi aliyefungiwa hivyo, nitamtafutia mlango wa pembeni.

#6 Mnamua

Nimefurahi sana. Mimi asili yangu ni bao, sataranji nimeianza ukubwani. Wanaojua bao la kiswahili watanielewa: unaanza na namua, unaingiza kete moja moja, na baadaye kete za mkononi zikiisha unaingia mtaji. Kijijini kwetu wazee hawakutufundisha namua kwa kukariri. Walikuwa wanacheza, sisi tumechuchumaa pembeni, na kila baada ya takata au mtaji mkubwa mzee mmoja anarudisha kete nyuma kwa kumbukumbu na kuuliza, "Hapa ulitaka nini?" Mwenzake anajieleza. Wanabishana mpaka adhana. Sisi tunasikiliza.

Nilipoanza kusoma michezo yenye maelezo nilihisi niko palepale chini ya mwembe. Mtu aliyecheza anarudisha kete nyuma anakwambia alitaka nini. Ndiyo elimu niliyoikulia.

#7 Bint Muscat

Asalaam aleykum. Nawasoma kutoka Oman. Nina swali la wale ambao Kiingereza kinatupa tabu. Maelezo mengi mazuri yako kwa Kiingereza au Kirusi, kwa Kiswahili sijaona. Tufanyeje sisi?

#8 Mwalimu Ngome

Waaleykum salaam dada yangu. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya maelezo haina lugha. Mwaka 1966 mjini Belgrade walianzisha chapisho la Informator, na shida yao ilikuwa kama yako: wasomaji wa nchi nyingi, lugha nyingi. Wakatumia alama tu. Alama ya mshangao, hatua nzuri. Mbili, hatua bora sana. Ya kuuliza, kosa, na mbili ni kosa la kuangamiza. Mshangao ukifuatwa na kuuliza, hatua inastahili kufikiriwa. Kuuliza kukifuatwa na mshangao, ina shaka. Kuna nyingine za kusema nani ana nafuu na nani ana nafasi. Magrandmasta walichambua michezo yao wenyewe kwa alama hizo, na mtu wa Pemba anaisoma sawa na mtu wa Moscow.

Na hata jina la nyumba ni lilelile kila mahali, e4 ni e4. Ukiweka ubao na kuona mshangao pembeni ya hatua, kazi yako ni kuuliza: ameona nini? Ukiandika jibu kwa Kiswahili kwenye daftari lako, maelezo ya Kiswahili yameshapatikana.

#9 Farasi wa g1

Nyongeza kwa dada wa Muscat: tovuti ya sataranji ya Lichess ni bure na haina matangazo, ina hifadhi ya michezo ya mabingwa, na ina sehemu ya kutengeneza masomo ambapo unaweka mchezo na kuandika maelezo yako chini ya kila hatua. Hii mitatu niliyoitaja nitaiweka huko kwa Kiswahili. Bando kidogo tu linatosha.

Na kwa walioniuliza kwa ujumbe wa faragha waanzie kwa nani: mfuate mtu, usifuate mistari. Unacheza ufunguzi wa Caro-Kann, kaa na michezo ya Karpov. Ulinzi wa Kifaransa, mtafute Botvinnik, naye aliwahi kuwa bingwa wa dunia. Ufunguzi wa Hindi ya Mfalme, bingwa mwingine, Kasparov, alipokuwa kijana. Mtu mmoja, ufunguzi mmoja, miezi mitatu. Mkitaka mkusanyiko mmoja wa kukaa nao mwaka mzima, David Bronstein alichambua michezo yote 210 ya mashindano ya Zürich ya 1953, ambayo naye alishiriki. Anaeleza kwa maneno zaidi kuliko kwa mistari, na mtu wa kawaida anamfuata. Hindi ya Mfalme niliielewa humo.

Jambo moja nalisisitiza, someni na michezo ambayo upande wenu UMEFUNGWA. Watu wanakusanya ushindi tu. Mimi Tartakower nimeielewa kwa mchezo ambao Mweusi alipigwa vibaya, na ndiyo nacheza leo.

#10 Bodi64

Nimeweka ubaoni ile ya Timman. Ile farasi a6 imenikamata. Sikubaliani na yote lakini nimezima injini wiki hii, nitaleta mrejesho.

#11 Kijana_e4

Wakuu nimerudi. Nimefanya ule wa Fischer na Spassky kama mlivyosema, nimefunika kwa bahasha. Nimeanzia hatua ya 11 upande wa Mweupe. Nakiri mwanzoni nilipata chache. Haya ndiyo ya daftari langu, nisahihisheni:

12. Niliandika askofu d3. Sababu: kumtoa askofu. Fischer: malkia a4. Sikuelewa mpaka nilipofika 13.

14. Nilikuwa nimeshasoma hapa kwenye uzi, kwa hiyo haihesabiki.

17. Niliandika ngome d1, kuishambulia d5. Fischer alirudisha askofu e2. Nafikiri ni kwa sababu Spassky alipeleka ngome a7, sasa a6 haijabanwa tena na askofu angeliwa. Ni kweli?

18. NILIPATA! Farasi d4. Niliandika: "c5 hawezi kula kwa sababu ya malkia." Niliruka.

20. Niliandika ngome d1 tena. Fischer: e4. Hapa ndipo nimekwama toka juzi. Mwalimu anasema tusome maneno, na maneno yanasema Spassky alikosea kupita kwa d4. Lakini mimi nikimtazama yule askari wa d4 naona ni mzuri. Amepita, analindwa na c5, hakuna askari wa Mweupe wa kumzuia. Kwa nini ni kosa?

#12 Farasi wa g1

Kijana, hatua ya 17 uko sahihi kabisa.

Na swali lako la 20 ndilo zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye uzi huu, maana umeliona ambalo Spassky naye aliliona. Askari wa d4 ni mzuri. Sasa fanya hivi: weka nafasi baada ya 20...d4, halafu ondoa macho kwa askari huyo na uangalie nyumba nyeupe tu. c4, d5, e6, f7, g8. Kabla ya d4, nani alikuwa anauziba mshazari huo? Baada ya d4, yuko wapi? Mweusi alishampoteza askofu wake wa nyumba nyeupe hatua ya 19, farasi wa Fischer alimla e6. Kwa hiyo ni kete gani ya Mweusi itakayobishana na askofu mweupe akifika c4?

Kisha cheza mwenyewe upande wa Mweusi, badala ya d4 jaribu kula e4, na jaribu pia c4, kila moja hatua tano mbele, uandike. Usifungue injini bado. Leta daftari hapa Alhamisi, mimi nitaweka langu pembeni yake.